Kuzunguka kreta ya Longonot kwa siku moja: mwongozo kamili kutoka langoni hadi langoni

Makosa ya Longonot, mlima wa volkeno ulio katika Bonde la Ufa karibu na Naivasha, Kenya, ni yale yale. Kundi linafika ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkeno, saa 6 mchana, kila mtu amebakiza nusu lita ya maji, wanautazama mduara uliotandazwa mbele yao, kisha mmoja anasema: "Twende tu, huku juu ni tambarare." Saa mbili baadaye wako upande wa kusini, jua liko utosini, mwenzao amebanwa na misuli ya paja, na njia ya kutoka ni ndefu mbele sawa na nyuma.

Si nguvu zinazowaangusha. Wanaupima mlima kwa ule mpando wa kutoka langoni, wakiumaliza wanadhani kazi imekwisha. Kumbe mpando huo hauzidi robo ya njia. Safari yenyewe ni kuzunguka ukingo, na uamuzi wa kuzunguka hufanywa mahali pamoja tu, kwa saa na kwa chupa ya maji.

Saa zote zilizotajwa hapa ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi ni muda mfupi baada ya jua kuchomoza.

## Vipimo vya njia

Lango liko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Ukirudi kwa njia ile ile ya kilomita 3.1, umetembea kilomita 13 na ushei.

Kilele cha juu kabisa, Kilele Ngamia, kiko upande wa magharibi, takriban mita 2,780. Tofauti yake na lango ni mita 630 hivi, sawa na kupanda ngazi za ghorofa 210 zenye kimo cha mita 3 kila moja. Na hiyo ni hesabu ya chini. Ukingo haukunyooka. Una vilele vidogo vingi, na kati ya kilele na kilele njia huzama kwenye kipito kabla ya kupanda tena. Kila kipito kinakudai mita ambazo ulikuwa umeshazilipa.

Mtu mwenye mazoezi humaliza kwa saa 5. Kundi la kawaida, lenye mapumziko na picha, hutumia saa 6 hadi 7. Panga siku yako kwa muda wa saa 7.

## Vitu vya kubeba

- Maji lita 3 kwa kila mtu mzima. Ukishaondoka langoni usitegemee maji mahali popote. Kwa jua la huko mwili hutaka karibu nusu lita kwa saa, na zaidi kwenye mipando.
- Chupa za kutumika tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja hairuhusiwi kuingia nazo katika hifadhi za taifa za Kenya tangu Juni 2020. Watu wanaofika na katoni ya maji ya dukani huanza siku kwa kuhangaika langoni. Mifuko ya plastiki nayo iache nyumbani.
- Maji ya chumvi na sukari, lita 1 kati ya hizo 3. Changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Pima kwa kijiko kilichosawazishwa, usikirundike. Jasho linatoka na chumvi, na maji matupu hayairudishi.
- Chakula kisichoharibika kwa joto. Viazi vitamu au nduma za kuchemsha, mayai, chapati, ndizi, njugu karanga, sukari guru. Epuka vyakula vya maziwa na nyama ya kukaanga ya jana.
- Viatu vyenye soli ya meno. Njia ni jivu la volkeno lililokauka, na juu yake changarawe ndogo zinazobiringika kama punje za mahindi sakafuni. Raba za soli laini hupanda vizuri, lakini kwenye mteremko huteleza. Vaa viatu ulivyokwisha kutembea navyo angalau kilomita 20.
- Soksi mbili: moja mguuni, moja mkobani. Vumbi likiingia kwenye soksi yenye jasho hukwangua ngozi kama msasa.
- Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Ukingoni hakuna kivuli cha kutegemea, na mlima uko chini kidogo tu ya ikweta.
- Leso au shuka jepesi la kufunika pua na mdomo. Wakati wa kiangazi vumbi la kundi lililo mbele yako ndilo hewa yako.
- Sweta na koti la mvua. Asubuhi kuna baridi, kilele kina upepo, na mvua ya mlimani haibishi hodi.
- Fimbo moja au mbili. Huokoa magoti wakati wa kushuka.
- Tochi, filimbi, simu yenye chaji kamili, bandeji ya kukaza, plasta. Filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyekaukiwa koo.
- Kitambulisho (au pasipoti) na uthibitisho wa malipo, ukiwa umeuhifadhi kwenye simu kama picha.

Mkoba ukiwa na maji yote haya una uzito wa kilo 5 au 6. Usiwape watu wawili kubeba maji ya kundi zima. Kundi likitawanyika, na litatawanyika, wa nyuma atabaki bila tone.

## Kabla ya siku yenyewe

Wiki tatu za mazoezi zinatosha kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Tafuta ngazi za jengo refu, panda na kushuka dakika 40, mara tatu kwa wiki, ukiwa na mkoba wa kilo 5. Kushuka ndiko kunakosahaulika. Misuli ya mbele ya paja huumia inapozuia mwili usiporomoke, na hailizoei zoezi hilo kwa kukimbia barabara tambarare.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kucha ndefu zikigonga ncha ya kiatu kwa saa nzima ya mteremko hubadilika rangi na kung'oka.

Anayetoka Mombasa, Lamu, Tanga au Dar es Salaam asipande siku ile ile anayofika kutoka pwani. Kileleni shinikizo la hewa ni kama asilimia 72 ya lile la ufukweni, na pumzi hukatika mapema. Lala usiku mmoja Naivasha, ambako ziwa liko karibu mita 1,880, halafu panda kesho yake.

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyodhibitiwa au goti lililowahi kufanyiwa upasuaji azungumze na daktari wake kwanza. Daktari akikubali, kupanda hadi ukingoni na kurudi ni safari nzuri kwa mtu wa namna hiyo. Mzunguko si wake.

## Hatua ya 1: Chagua siku na ulipe mapema

Miezi ya ukavu, Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo rahisi kupanga. Machi hadi Mei ni masika: makorongo ya njia hugeuka mifereji, na jivu lililolowa hushika kiatu kama udongo wa mfinyanzi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inapandika, ila lazima uwe umeshuka kabla ya mawingu ya alasiri kukusanyika.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) kwa njia ya mtandao, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa pesa taslimu. Lipa jioni ya kuamkia safari ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Wengi hungoja wafike langoni, mtandao unasuasua, na saa nzima ya ubaridi wa asubuhi inapotea kabla hawajapiga hatua moja. Angalia kiwango cha ada siku hiyo hiyo unayolipa, kwa maana hubadilika, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa.

Umefaulu ikiwa: unalala huku risiti iko kwenye simu, maji yamejazwa na viatu viko mlangoni.

## Hatua ya 2: Fika langoni saa 1 asubuhi

Kutoka Nairobi njia ya kawaida ni ile ya chini, inayoshuka ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu kuelekea Naivasha. Ondoka kabla ya saa 11 na nusu alfajiri. Mteremko wa Mai Mahiu una malori mengi na ukungu wa asubuhi, na si mahali pa kufidia dakika ulizochelewa kuamka.

Ukitumia matatu, panda inayopita Mai Mahiu kwenda Naivasha, shuka kituo cha Longonot, kisha chukua boda boda hadi langoni. Patana nauli ya kwenda na kurudi, na uchukue namba ya simu ya dereva. Jioni utaihitaji.

Langoni fanya mambo manne, kwa utaratibu huu. Jiandikishe. Uliza kama njia yote ya ukingo iko wazi siku hiyo, na kama nyati wameonekana karibu. Hifadhi namba ya simu ya lango. Kisha nenda chooni, kwa sababu usitegemee kukuta choo kingine baada ya hapo. Ukitaka askari wa kuwasindikiza, omba hapo hapo. Kwa kundi ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuzunguka, tunashauri hivyo bila kusita.

Kundi la watu zaidi ya sita lichague kiongozi wa mbele na mtu wa mkia. Wa mkia hampiti mtu yeyote, awe amechoka au amekaa anafunga kamba za viatu. Kazi hii wapewe wanaoijua njia au wenye nguvu zaidi, si anayejitokeza kwa kuwa hapendi kwenda haraka.

## Hatua ya 3: Panda kilomita 3.1 kwa mwendo wa kuongea

Sehemu ya mwanzo ni ya upole, katikati ya vichaka vya leleshwa vyenye majani ya rangi ya fedha. Upole huo ndio mtego. Watu huanza kwa kasi, mapigo ya moyo yanapanda, na mpando mkali unapoanza hawana akiba.

Kipimo ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sahihi. Ukilazimika kupumua katikati ya sentensi, punguza hatua. Usisimame, punguza. Kusimama kila baada ya mita 50 huchosha kuliko kutembea polepole bila kukoma.

Kunywa mafunda matatu au manne kila dakika 15 hata kama huna kiu. Vua sweta mapema, kabla jasho halijalilowesha, kwa sababu utalitaka likiwa kavu kileleni.

Sehemu hii ya chini ina wanyama: pundamilia, twiga, swala na, mara nyingine, nyati. Tembeeni pamoja na mzungumze kwa sauti ya kawaida ili mnyama asishtuke. Mkimwona nyati, simameni, rudini nyuma taratibu mkiwa mnamtazama, mpeni nafasi na mngoje aondoke. Usikimbie, usimpigie kelele, usimkaribie kwa ajili ya picha. Nyati dume aliye peke yake kichakani ndiye wa kuogopwa zaidi.

Juu zaidi njia imechimbwa na maji ikawa korongo, mahali pengine kina chake kinamfika mtu kiunoni. Pita ndani ya korongo au kwenye ukingo wake uliokwisha kukanyagwa. Usifungue njia mpya pembeni. Mvua ijayo huigeuza korongo jingine.

Umefaulu ikiwa: umefika ukingoni ndani ya saa 1 hadi saa 1 na nusu, umekunywa karibu nusu lita, na bado unaweza kucheka.

## Hatua ya 4: Uamuzi wa ukingoni

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa, kwa hiyo pumzikeni dakika 15 kamili. Kuleni kitu. Kreta iko chini yenu, msitu umejaa sakafuni, na mduara mzima unaonekana. Utazameni kwa macho ya hesabu.

Jambo la kuelewa ni kwamba mzunguko huu una njia moja tu ya kuingia na kutoka, nayo ni hapa mliposimama. Mkishatembea kilomita 3.6, mko mbali kabisa na mlango. Hakuna njia ya mkato ya kukatiza ndani ya kreta, kuta zake ni mwinamo mkali na msitu wa chini una nyati. Hakuna njia ya kushukia upande wa nje. Anayeugua nusu ya mzunguko atatembea, au atabebwa, kilomita 3.6 mbele au nyuma, na baada ya hapo kilomita 3.1 za kushuka.

Kwa hiyo jibuni maswali matatu kwa kila mtu, si kwa wastani wa kundi.

Ni saa ngapi? Kabla ya saa 4 asubuhi, mna nafasi nzuri. Kati ya saa 4 na saa 6, zungukeni kama wote wako imara. Ikipita saa 6 mchana, msizunguke. Hesabu ni hii: saa 3 na nusu za mzunguko na saa 1 ya kushuka, ukianza saa 6, unafika langoni saa 10 na nusu jioni bila tatizo hata moja. Mguu mmoja ukiteguka, giza litawakuta njiani. Lango hufungwa saa 12 jioni, na jua huzama nusu saa tu baadaye.

Maji yamebaki kiasi gani? Kila mtu awe na lita 1 na nusu mkononi mwake. Mwenye pungufu asijazwe na wenzake hadi wote wawe na upungufu. Arudi.

Magoti na tumbo vipi? Anayechechemea, anayeumwa kichwa au anayehisi kichefuchefu hapa hatapona huko mbele. Aelekezwe kushuka, na asishuke peke yake.

Kugawanya kundi hapa si kumtenga mtu. Ni mahali pa mwisho ambapo mgawanyo ni rahisi: nusu wanarudi na mtu wa mkia, nusu wanaendelea. Viongozi wa vikundi vya kazini na vya makanisa ndio wanaokosea zaidi hapa, wakitaka picha ya kileleni iwe na watu wote.

Umefaulu ikiwa: kila anayeendelea amejibu maswali yote matatu kwa sauti, na kila anayerudi ana mwenzake.

## Hatua ya 5: Pinda kulia, hadi Kilele Ngamia

Njia inaruhusu kwenda kulia au kushoto. Tunashauri kulia, yaani kinyume cha mwendo wa saa ya ukutani. Sababu ni mbili. Kilele Ngamia kiko upande wa magharibi, hivyo mpando mkali zaidi unaumaliza miguu ikiwa mipya. Pili, pale juu ndipo mahali pabaya kuliko pote kukutwa na radi, na ni heri kuwa umeshapaacha mchana haujakomaa.

Ukienda kulia, kanuni ya njia ni moja: kreta ibaki mkono wako wa kushoto wakati wote. Neno Longonot limetoka kwa Kimaasai, Oloonong'ot, na maana yake ni mlima wenye migongo mingi. Migongo hiyo ndiyo inayopoteza watu. Inaanzia ukingoni na kuteremka nje kama mbavu, na vijia vya wanyama juu yake vinafanana kabisa na njia yenu. Ukiona huioni kreta kushoto kwako kwa zaidi ya dakika tano na njia inazidi kuteremka, umeingia kwenye mgongo. Rudi juu ulikotoka. Usikatize mwinamo kwa pembeni ukitafuta njia.

Mpando wa mwisho wa kilele ni mwembamba na umechimbika. Mahali pengine utashika mwamba kwa mikono, hivyo kunja fimbo au ifunge mkobani kabla hujafika hapo. Acheni mita 4 au 5 kati ya mtu na mtu, kwa sababu jiwe linalotoka chini ya kiatu cha wa mbele huja moja kwa moja usoni mwa wa nyuma. Linapobiringika, piga kelele "Jiwe!" mara moja.

Kileleni vaa sweta kabla hujapiga picha. Kaskazini magharibi kuna Ziwa Naivasha, magharibi mvuke wa vituo vya umeme vya Olkaria, kusini mlima Suswa. Kaa dakika 15 au 20, si zaidi. Miguu ikipoa sana huwa mizito kuamka.

Umefaulu ikiwa: umefika kileleni na bado una maji yanayozidi lita moja. Yakiwa chini ya hapo, rudi kwa njia uliyojia. Kutoka kileleni kurudi nyuma bado ni kufupi kuliko kuendelea, na hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusema hivyo.

## Hatua ya 6: Vipito vya kusini

Watu wengi huumia hapa, si kwenye mpando. Kilele kimepita, akili imetulia, na njia inaporomoka kwa jivu laini.

Kabla ya kushuka, kaza kamba za viatu hasa kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi, uzito wako uwe juu ya nyayo. Anayeogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakotelezesha. Penye mwinamo mkali geuka ubavu na ushuke kwa ukingo wa kiatu.

Kwenye kila kipito simama nusu dakika na tazama mpando unaofuata kabla ya kuuanza. Kunywa hapo, si katikati ya mpando. Mahali ambapo ukingo umekuwa mwembamba, tembea upande ulio mbali na kreta, na usikae ukingoni kwa ajili ya picha. Jivu lililoshikana huonekana gumu kama mwamba na humeguka bila onyo, hasa siku moja au mbili baada ya mvua.

Usiwashe moto wala sigara. Nyasi za ukingo hukauka kama karatasi, na Machi 2009 moto uliingia hadi ndani ya kreta hii.

### Mtu akibanwa na misuli

Mketishe, nyoosha mguu, vuta ncha ya wayo kuelekea goti na ushikilie sekunde 30. Mpe maji ya chumvi na sukari kwa mafunda madogo, robo lita kwa dakika 10. Mpunguzie mkoba. Akipanda tena, apunguze hatua kwa nusu. Misuli ikibana mara ya tatu, atembee katikati ya watu wawili mpaka mwisho.

### Kifundo kikiteguka

Usimvue kiatu, uvimbe utamzuia kukivaa tena. Funga bandeji juu ya kiatu kwa umbo la nane, mpe fimbo mbili, jaribuni hatua kumi. Asipoweza kabisa kukanyaga, msimbebe kwenye ukingo mwembamba. Mpelekeni kwenye kipito kilicho karibu, mfunikeni, pigeni simu langoni, au 999 au 112. Msemapo mlipo, taja upande wa kreta na kama mmeshapita Kilele Ngamia au la.

### Ngurumo

Hesabu sekunde kati ya mwanga wa umeme na ngurumo. Zikiwa chini ya 30, umeme uko ndani ya kilomita 10 na tayari unaweza kuwafikia. Ondokeni kwenye kilele, shukeni hadi kipito kilicho karibu, tawanyikeni mita 15 au zaidi kati ya mtu na mtu, wekeni fimbo za chuma mbali, chuchumaeni juu ya mikoba. Msijikusanye chini ya mti mmoja. Ngojeni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

### Ukungu

Ukungu ukifunika kreta, ile kanuni ya mkono wa kushoto haifanyi kazi. Simameni. Mara nyingi hufunguka kwa muda mfupi. Kutembea kwenye ukingo usiouona ni kutafuta mgongo wa kupotelea.

## Hatua ya 7: Upande wa mashariki, kufunga mduara

Vipito hapa ni vifupi vifupi na havina sifa ya pekee, ndiyo maana huchosha akili. Kila kilima hudhaniwa kuwa cha mwisho. Mgongo wa Nyandarua na ukuta wa Kinangop utauona upande wako wa kulia.

Kula kilichobaki kabla hujahisi njaa. Wa mbele apunguze mwendo, kwa sababu hapa ndipo kundi hukatika vipande viwili.

Umefaulu ikiwa: umerudi pale mlipoanzia kabla ya saa 9 alasiri, wote mkiwa pamoja.

## Hatua ya 8: Kushuka hadi langoni

Pumzikeni dakika 10, badili soksi, kaza tena kamba. Kilomita 3.1 hizi huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Wanaokimbia huokoa dakika 15 na kulipa kwa goti la wiki mbili.

Funika pua kwa leso, acha nafasi kubwa kati ya mtu na mtu ili vumbi litulie. Miguu ikitetemeka, simama wima sekunde 30 kisha endelea. Usikae chini kila mara. Ukikaribia vichaka vya leleshwa, kusanyikeni tena na muanze kuongea. Jioni wanyama wako kwenye mwendo wao.

Langoni hesabu watu wako kwa majina, kisha jiandikishe kuwa mmetoka. Kundi lisilojiandikisha huwafanya askari watafute watu ambao tayari wako Naivasha wanakula samaki.

Kunywa lita moja taratibu ndani ya saa inayofuata. Mpigie boda boda wako kabla hujakaa chini kupumzika, na uwe barabarani kabla ya giza, hasa kama unapandisha tena Mai Mahiu. Mwenye gari asiendeshe akiwa amechoka kiasi cha kusinzia. Apokezane na mwingine, au mlale Naivasha.

Asubuhi yake mapaja yatauma zaidi ya jana, na siku ya pili zaidi ya ile ya kwanza. Tembea nusu saa kwenye tambarare, maumivu hayo hupungua ndani ya siku tatu au nne. Goti lililovimba, mkojo wa rangi ya chai, au kichwa kisichoacha kuuma baada ya kunywa maji na kulala, hayo si uchovu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.